Mhariri, mwambieni mpishi wenu atoe mfuniko

Ndugu Mhariri,

Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalianzia nyuma kwenye michezo halafu narudi kwenye mapishi, siasa nasoma nikibaki na nguvu. Sasa Jumapili iliyopita kwenye mapishi mmetuletea maharage machanga, yale ya kijani yanayoliwa na ganda lake, wengine wanayaita mishiri, nikafurahi sana manake ni mboga naipenda na huwa hamuiandiki kabisa. Furaha ikaishia mstari wa tatu. Eti weka maharage kwenye maji kidogo, tia kijiko cha magadi soda ili yabaki kijani, funika, acha yachemke nusu saa. Na mwisho kabisa kwenye kile kiboksi cha chini, eti yakibaki jaza kwenye chupa za kioo, funga, chemsha hizo chupa kwenye sufuria la maji dakika 40 halafu weka kabatini miezi 6. Mhariri, hapo kwenye chupa ndo pamenifanya nikae chini niandike, nitapafikia, ila ngoja nianze na sufuria kwanza manake hasira zangu zina foleni.

Nimekula maharage ya nusu saa miaka 4 nikiwa shule ya bweni. Yalikuwa na rangi ya soksi ya kaki iliyofuliwa ikachoka, ukiyagusa na kijiko yanakatika kabla hujaamua, na ile harufu yake ya mvuke uliolala ilikuwa inafika bwenini kabla ya kengele. Nikatoka pale najua hiyo mboga ndivyo ilivyoumbwa. Nikaja kuoa, mke wangu akaingia kazi ya zamu za usiku, jikoni nikabaki mimi na watoto wawili wanaouliza baba leo tunakula nini kila baada ya dakika 5, nikawa napika vilevile nilivyolishwa, nafunika, naenda kuangalia taarifa ya habari, narudi nakuta soksi. Mpaka siku moja nautafuta mfuniko siuoni. Kumbe mdogo kauchukua kaufanya usukani, anaendesha basi sebuleni na abiria wamejaa, nikaona nikimnyang'anya hapa patakuwa na kilio, acha nipike wazi tu. Siku hiyo maharage yalitoka kijani mpaka nikadhani sijayapika.

Nikaanza kuulizia kwa nini, na hii sababu ndo naomba mpishi wenu aisikie. Ule ukijani wa majani na mboga unatokana na kitu kinaitwa klorofili, na katikati ya kila chembe yake kuna magnesiamu, imekaa kama kifungo kinachoshika shati. Joto likikutana na asidi, kile kifungo kinang'oka na asidi inakaa mahali pake, basi rangi inageuka ile ya zeituni iliyochakaa. Utauliza asidi inatoka wapi na mimi sijatia limao? Inatoka kwenye maharage yenyewe. Yakipata moto seli zake zinapasuka, vile viasidi vilivyokuwa vimetengwa kwenye vyumba vyake vinamwagika, na vingine vinaruka na mvuke. Sufuria likiwa wazi vinaondoka zake dirishani. Ukifunika vinagonga mfuniko, vinageuka matone, vinarudi chini kumalizia kazi. Ndo maana na maji kidogo nayo ni kosa, manake hata vile ambavyo haviruki vinatakiwa vipate maji mengi vitawanyike, mkivibana kwenye kikombe kimoja cha maji vinakuwa vikali zaidi.

Kwa hiyo nusu kilo ya maharage mi naweka lita 3 mpaka 4 za maji, chumvi gramu 10 hivi kwa kila lita, ni kama vijiko 2 vidogo vya chai visivyojaa sana, na usiogope kwamba ni nyingi, nyingi inabaki kwenye maji na inamwagwa. Chumvi pia inasaidia ganda lilainike mapema. Maji yatokote kwelikweli kwanza ndo utie maharage, na kwa kuwa maji ni mengi yatarudi kutokota haraka, sio unatia mboga maji yanapoa halafu unasubiri yapate joto upya huku maharage yanaloa tu humo ndani. Utaona dakika ya kwanza rangi inakolea ghafla, watu wanadhani moto umeongeza rangi, hamna, ni hewa ndogondogo iliyokuwa katikati ya seli inatoka, ilikuwa imekaa kama ukungu kwenye kioo. Hiyo rangi unayoiona hapo ndo ya kuilinda, na una dakika 7 hivi kabla haijaanza kufifia.

Najua kuna atakayesema mbona ukipika kwa mvuke lazima ufunike. Ni kweli, hapo funika, dakika 5 mpaka 7 yanakuwa tayari, mi huwa nafunua mara moja katikati nageuza na kuacha mvuke upumue. Rangi haiwi kali kama ya maji mengi ila vitamini zinabaki zaidi, hasa vitamini C ambayo inapenda kuhamia kwenye maji. Chagua unachotaka siku hiyo.

Sasa magadi. Sikatai kwamba kijani kinabaki, tena kinabaki kijani cha kutisha kama cha chupa, manake magadi yanazima asidi na kile kifungo hakiguswi. Lakini ganda la haragwe limesimama kwa sababu ya kuta za seli, na hizo kuta zimegandishwa na vitu kama pektini na hemiselulosi, na hivyo vitu kwenye maji ya magadi ya moto vinayeyuka upesi mno, ndo unakuta nje panateleza kama sabuni iliyolala kwenye maji na ndani hapana kitu cha kutafuna. Hapohapo vitamini B1 haistahimili magadi ikiwa kwenye moto, na vitamini C nayo inapungua, na ulimini inabaki ladha ya sabuni. Umebaki na picha ya maharage.

Na nusu saa jamani, nusu saa ya nini? Yale membamba kama penseli dakika 4 yameiva, manene zaidi 6 mpaka 8, na mi kuanzia dakika ya 3 naanza kuonja moja moja, siamini saa manake maharage ya jana na ya leo hayalingani, mengine yamekomaa zaidi yanataka muda. Kipimo changu nimepewa na binti yangu mkubwa. Siku moja mezani akaniambia baba haya maharage yanalia, nikadhani anakwepa kula, nikatafuna na mimi nikasikia kweli yanalia, ngwi ngwi kwenye meno. Hayo hayajaiva. Yakiacha kulia lakini bado yana mkato, hapo toa, mwaga kwenye chujio, na kama huyali muda huohuo yatumbukize kwenye maji yenye barafu nyingi mpaka katikati pawe baridi, manake ukiyaacha kwenye chujio yamerundikana yanaendelea kujipika yenyewe kwa joto lake na utarudi kulekule kwenye soksi. Yakipoa yatoe, usiyaache yaelee humo mpaka jioni.

Ila nisieleweke vibaya, mi sio wa wale wanaolazimisha kila mboga iwe na mkato. Kuna upishi wa taratibu, kitunguu kinakaangwa kwenye mafuta ya kutosha mpaka kinalegea, unatia maharage, maji kidogo, moto mdogo kabisa, unafunika unaacha hata saa nzima, yanalainika mpaka yanabembea kwenye uma na ladha inakuwa nzito, tamu. Rangi inakufa, sawa, lakini umejua unachokiua na umepata kitu badala yake. Nusu saa kwenye maji matupu umeua rangi na hujapata ladha, ndo ninachogombana nacho. Na ukipika hivyo vya taratibu ukataka kutia nyanya, subiri maharage yalegee kwanza ndo utie, manake asidi ya nyanya inazishikilia zile kuta zisilainike, utakaa hapo unaongeza maji na muda mpaka ulaani aliyekuuzia. Limao nalo hivyohivyo, kamulia mezani, sio jikoni. Nimeshaona mtu anachemsha vizuri kabisa, anapoza kwa barafu, anakamulia limao saa 4 asubuhi kwa chakula cha saa 7, halafu anashangaa yamegeuka rangi kwenye bakuli.

Kuyaandaa hakuna maneno mengi. Haragwe zuri ukilikunja linakatika kwa mlio na panakuwa na unyevu pale lilipokatika, likijikunja kama kamba achana nalo. Mbegu zikiwa zimetuna zinaonekana kwa nje, hilo limezeeka, ganda litakuwa gumu, bora utoe mbegu upike mbegu. Osha kabla ya kukata, sio baada. Panga kiganja kizima kwenye kibao vichwa upande mmoja, piga kisu mara moja, umemaliza, mambo ya kukata moja moja ndo yanafanya watu waseme hii mboga ina kazi. Mpishi wenu kasema kata ncha zote mbili, mi nakata upande wa kikonyo tu, ule mkia mwembamba wa chini unaliwa vizuri na unapendeza. Kuhusu nyuzi, mengi ya siku hizi hayana, kuna Mmarekani mmoja Calvin Keeney alihangaika kuchagua mbegu mwishoni mwa karne ya 19 mpaka akapata yasiyo na uzi, na mi namshukuru. Ila aina za zamani bado zipo, na yaliyokomaa pia, kwa hiyo vunja kichwa cha moja kwa mkono uvute chini, ukiona uzi unafuata kama uzi wa kushonea, basi kaa kwenye kiti, yote yatavutwa.

Kitu kimoja ambacho mpishi wenu kasahau kabisa, haya maharage sio ya kula mabichi. Yana lektini, aina ya protini, ile ambayo kwenye maharage mekundu makavu ndo iko nyingi sana na inatapisha watu, kwenye haya machanga iko kidogo lakini ipo, na inavunjika kwenye maji yanayotokota. Ukionja moja wakati unachambua sio kesi, ila bakuli la saladi ya maharage mabichi kwa watoto hapana, yapitishe motoni kwanza.

Na kabla sijasahau, ukikutana na yale ya zambarau usiyanunue kwa ajili ya rangi. Ile zambarau ni rangi inayoyeyuka kwenye maji, ikipata moto inasambaa na inapotea, unabaki na maharage ya kijani kama mengine. Mi nilinunua nikawaahidi watoto chakula cha zambarau. Sitarudia.

Baada ya kuchemsha mengine ni raha zako. Mi nayakausha kwa kitambaa, hiyo ni muhimu, manake yakiwa na maji yakaingia kwenye mafuta yanarusha na hayapati yale madoa ya kahawia, yanajichemsha tu humo. Kikaango kiwe cha moto, mafuta kidogo, maharage dakika 2, kitunguu swaumu kilichokatwakatwa nakitia mwishoni kabisa sekunde 30 hivi manake kikitangulia kinaungua kinakuwa kichungu, chumvi, basi.

Sasa nimefika kwenye chupa, na hapa naomba Mhariri usome mwenyewe usimpe msaidizi.

Kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum. Yupo kwenye udongo, kwa hiyo yupo kwenye mboga, na akiwa kwenye hewa hana shida na mtu. Shida yake ni kwamba anapobanwa anajifungia kama mbegu, na hizo mbegu zake hazifi kwenye maji yanayochemka, hata uchemshe saa kadhaa, manake maji kwenye sufuria hayavuki nyuzi 100 hata uongeze moto mpaka jiko lilie. Ukizifungia kwenye chupa isiyo na hewa, kwenye chakula kisicho na asidi ya kutosha, ukaweka kabatini kwenye joto la chumba, umezitandikia kitanda. Zinaamka na kutengeneza sumu ambayo ni kati ya sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Mpaka wa asidi ni pH 4.6, hicho ni kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi, chini ya hapo hawezi kuota, na maharage machanga yako juu ya 5, kwa hiyo yako upande wake kabisa. Na chupa inaweza isivimbe, isinuke, isibadilike rangi, ukafungua ukaona safi.

Kuyahifadhi kwenye chupa kunawezekana lakini sio kwa sufuria. Inatakiwa mashine maalumu ya presha ya kuhifadhia vyakula, yenye kipimo chake, sio ile presha kuka ya kupikia maharage makavu, ndani inafika nyuzi 116 hivi, chupa ya nusu lita inakaa dakika 20 na ya lita moja dakika 25 baada ya presha kufika inapotakiwa, na ukiwa sehemu ya mwinuko presha inaongezwa. Asiyekuwa nayo asijaribu. Njia za mtu wa kawaida zipo mbili na hazina hatari. Ya kwanza friza, chemsha dakika 3 tu, tumbukiza kwenye barafu dakika 3, kausha vizuri, tandaza kwenye sinia yagande moja moja ndo uyaweke kwenye mfuko, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri yanakaa miezi 8 mpaka 12. Zile dakika 3 usizikwepe eti ni mabichi yatakaa, kuna vimeng'enya ndani ambavyo baridi haiviui, vinaendelea kula ladha na rangi polepole humo humo kwenye friza. Ya pili ni siki, achari, siki iwe ya asilimia 5 na maji yasizidi siki, hapo asidi inakuwa ya kutosha na yule mdudu hana nafasi. Na kama ni ya wiki hii tu, weka kwenye friji bila kuosha, kwenye mfuko usiobanwa sana, sehemu isiyo na baridi kali manake chini ya nyuzi 5 nayo yanaanza kutoa vidoa vya kutu. Yale yaliyopikwa, siku 3 au 4.

Ninachoomba ni marekebisho, na yatoke kwenye ukurasa uleule wa mapishi kwa herufi zilezile, sio mistari miwili chini ya matangazo ya vifo na mnada. Ya mfuniko na magadi mkitaka yaacheni, kila mtu na soksi zake.

Lakini leo kwenye barua za wasomaji nimeona dada mmoja anawashukuru, kwamba ameshajaza chupa 9 na amezipanga kabatini. Huyo mtafuteni leoleo, barua yake mnayo. Mwambieni asifungue hata moja, asionje eti aone kama zimeharibika, azifunge zote kwenye mfuko mzito, auzibe kwa utepe wa gundi na atupe mahali ambapo mtu wala mnyama hatafikia, asimwagie kuku. Na kama kuna mtu nyumbani kwake ameshakula halafu akaanza kuona vitu viwiliviwili, kope zinaanguka, ulimi mzito, kumeza shida, hata kama ni siku kadhaa zimepita, asisubiri kesho, aende hospitali na aseme neno chupa akiwa bado mlangoni.

Wenu,
Baba wa dereva wa mfuniko